Barua kwa Wajina Wangu Baada ya Mechi ya Kwanza

Kolwezi, mwezi wa tisa 2025

Wajina wangu,

Nkambo wako mwanamke anasumbuliwa na magoti, ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Ameniagiza nikuulize kama huko Lubumbashi bado mnakula bukari au mmeshakuwa watu wa mikate tu.

Ile sauti uliyonitumia Jumapili usiku nimeisikiliza mpaka mwisho, pamoja na matusi yake. Umesema mambo manne bila kuvuta pumzi: mwamuzi alinunuliwa, wageni walizika dawa golini, kocha afukuzwe, na timu imekufa. Kisha ukatoka kwenye kundi la WhatsApp. Dada yako aliniambia umeondoka, nikacheka peke yangu, maana uliondoka kabla wachezaji hawajavua viatu. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza neno. Dada yako ataipiga picha ukurasa kwa ukurasa akutumie.

Wewe hukuwepo. Mechi uliipata vipande vipande kutoka kwa watu wenye hasira. Acha nikusimulie yote.

Tumefungwa 3-1, nyumbani, siku ya kwanza ya msimu, katika vumbi lile unalolijua la mwisho wa kiangazi. Dakika ishirini za kwanza tulicheza mpira, na usimsadiki atakayekuambia vingine. Goli letu lilitokea pembeni, krosi ya chini, kijana akaigusa kwa upande wa ndani wa mguu, na wamama wa maandazi wakaacha mafuta yanaungua. Baada ya hapo miguu ikaanza kwisha. Nasema miguu, si akili. Kipindi cha pili mshambuliaji wetu alikuwa akikimbia hatua chache anasimama, mikono kiunoni. Kiungo alibanwa na misuli, akabebwa nje akilia. Goli lao la kwanza lilikuwa penalti. La pili na la tatu yalipita upande uleule wa kushoto, ambako beki alikuwa akipanda hawezi tena kurudi.

Sasa nikuambie kile ambacho kwenye kundi hakuna aliyethubutu kukiandika. Usiku wa Jumamosi wengi wa vijana wale walikuwa shimoni wakichimba. Mshambuliaji alipanda juu alfajiri ya siku ya mechi, akanawa, akalala kidogo, akaja uwanjani na soksi za jana.

Mambo ya mwaka huu unayajua. Mwezi wa pili serikali ilisimamisha kobalti isitoke nje ya nchi kwa sababu bei duniani ilikuwa imeporomoka. Mwezi wa sita ikaongeza miezi mitatu mingine. Kinshasa wamepiga hesabu, na huenda ni hesabu nzuri. Nchi yetu peke yake inatoa kobalti kuliko nchi nyingine zote zikiwekwa pamoja, kwa hiyo sisi tukifunga mlango, bei lazima ipande. Ila hapa kwenye depo, wanakonunua madini, mlango kufungwa maana yake ni mfuko kulipwa kidogo au kutolipwa kabisa. Kijana aliyekuwa akishuka shimoni mara moja akapata chakula cha siku mbili, sasa anashuka tena na tena kwa chakula kilekile. Na yule negosian wetu, mnunuzi wa madini, aliyekuwa akinunua jezi na kulipia gari tukienda kucheza Kasaji au Dilolo, alitujia mwezi wa nne akasema mwaka huu tusimhesabu. Alikuja mwenyewe kwa miguu yake, akakaa, akanywa munkoyo, akasema hana. Mimi namheshimu kwa hilo. Wapo matajiri wa timu wanaozima simu tu.

Basi mazoezi ya kujiandaa na msimu yalikuwa ya watu saba, siku nyingine watano. Kocha, ambaye ni mwalimu wa shule na mshahara wake unakuja unapotaka, aliwakimbiza hao saba kana kwamba ana ishirini na wawili. Umfukuze umlete nani? Jambo la kocha nimelimaliza.

La dawa nalo ni fupi. Mistari ya chokaa asubuhi ile niliichora mimi, na nilikuwa uwanjani tangu jua linachomoza. Hakuna aliyezika kitu golini. Hapa ni Kolwezi, mjukuu wangu: mtu akionekana anachimba shimo mahali, kabla hajafika magotini watu hamsini wameshakuja na koleo kumuuliza ameona nini. Kule Kasulo, tangu 2014, watu walichimba mpaka ndani ya vyumba vyao vya kulala walipoambiwa chini kuna kobalti. Dawa ingeonekana.

Mwamuzi sasa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli letu na beki alishika mpira. Mkono ulikuwa juu ya kichwa, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Penalti halali. Kwamba baadaye mwamuzi alitunyima kona moja, kweli, alitunyima, na kona haifuti magoli mawili. Nimekusikia ukisema angepigwa ili ajifunze. Hilo sitaki kulisikia tena kwa mtu mwenye jina langu. Unakumbuka Trésor Mputu? Katika wote niliowaona Katanga kwa macho haya, sijaona mguu kama ule. Mwezi wa tano 2010, kwenye Kombe la Kagame kule Kigali, yeye na mwenzake wa Mazembe, Guy Lusadisu, walimvamia mwamuzi, na FIFA ikawafungia miezi kumi na miwili. Mwisho wa mwaka huohuo Mazembe ilikwenda Abu Dhabi ikacheza fainali ya klabu za dunia nzima na Inter ya Milano. Mputu aliitazama kama wewe na mimi.

Kwa kuwa nimeitaja Abu Dhabi, tukae hapo kidogo. Wewe ulikuwa mtoto, unakumbuka kipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio tu. Mwaka uliotangulia umeusahau, kama Katanga nzima ilivyousahau kwa makusudi. Mwezi wa kumi na mbili 2009 Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kwa mara ya kwanza, bingwa wa Afrika, watu wameshona nguo nyeusi na nyeupe, na mechi ya kwanza ikafungwa 2-1 na Pohang Steelers ya Korea Kusini. Ikabaki kugombea nafasi ya tano, ikafungwa tena, 3-2, na Auckland City ya New Zealand, timu ambayo wengi wa wachezaji wake walikuwa na kazi nyingine za mchana. New Zealand, nchi ambayo mchezo wake ni raga! Hapa mitaani watu walisema maneno yaleyale uliyoyasema Jumapili, hata dawa ilitajwa. Mwaka mmoja baadaye, kikosi cha watu walewale kwa sehemu kubwa kiliwafunga Pachuca ya Mexico 1-0 na Internacional ya Brazil 2-0. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kuingia fainali ile. Inter wakatufunga 3-0, na bado mji ulicheza mpaka asubuhi.

Ukitaja raga mbele ya mdogo wangu aliyehamia Kitwe, andaa kiti, hutaondoka. Kule Zambia shaba ni ileile ya kwetu, mwamba uleule umepita chini ya mpaka bila pasipoti, ila wakubwa wa migodi walikuwa Waingereza, wakaleta mpira wa yai. Luanshya, kwenye klabu ya Roan Antelope, walisimamisha nguzo za goli zenye urefu wa zaidi ya mita 33, zikasifiwa kuwa ndefu kuliko zote duniani. Hebu fikiri, wachimba shaba kujenga goli refu namna ile. Yeye hunitania kwamba katika raga mtu akiangushwa anaamka na kurudi mstarini, wakati sisi wa futiboli tunabaki chini tukimtafuta mwamuzi kwa jicho moja. Anajisifu. Lakini timu yake ilipofungwa mechi ya kwanza mwaka jana, alichonitumia ni orodha ya siku za mazoezi tu.

Nije kwenye neno lako la nne, lile lililonifanya nichukue karatasi.

Mwaka 1974 nilikuwa kijana nimeanza kazi mgodini. Zaire ilikuwa bingwa wa Afrika. Mwezi wa tatu kule Misri Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika mashindano mamoja, na mpaka leo hajatokea wa kuyafikia. Ikaenda Ujerumani, timu ya kwanza ya Afrika ya weusi kufika Kombe la Dunia. Golini alikuwa Kazadi Mwamba, nyuma alikuwa Mwepu Ilunga, wote watu wa Mazembe, kwa hiyo hapa Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, tuliiona timu ile kama ya kwetu tumeiazima Kinshasa. Mechi ya kwanza, Ijumaa tarehe 14 mwezi wa sita, Dortmund, Scotland ikatufunga 2-0. Watu wengi wakikumbuka mwaka ule wanakumbuka aibu. Lakini 2-0 na Scotland, siku ya kwanza, ugenini, haikuwa aibu hata kidogo. Tulitoka kwenye redio tukisema wamecheza, watarekebisha.

Jumanne Yugoslavia ikatufunga 9-0. Magoli matatu yaliingia haraka, kocha Vidinić akamtoa Kazadi, akamwingiza Tubilandu, na mpira ukaendelea kuingia. Kati ya Ijumaa ile na Jumanne ile kulitokea nini? Wachezaji wenyewe, Mwepu akiwemo, walisimulia baadaye: walipata habari kwamba pesa walizoahidiwa hazipo, wakataka kugoma, wakaingia uwanjani mioyo imeshavunjika. Timu haikuvunjwa na Scotland. Ilivunjwa katika siku tatu zilizofuata, hotelini, na watu waliovaa suti. Ndiyo maana mimi nikifungwa mechi ya kwanza siangalii sana uwanja. Naangalia Jumatatu. Nani amekuja, nani amezima simu, nani ameanza kugawana jezi.

Na timu kufa, wajina, mimi nimeshuhudia kwa macho. Sikuwahi kukusimulia kwa sababu mama yako hapendi.

Kwanza jua timu zetu zilizaliwa vipi. Mazembe ilianzishwa 1939 na mapadri Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface, ikaitwa Saint-Georges, halafu Saint-Paul, halafu ikachukua jina la Englebert, watengeneza matairi ya magari, na lile la Tout Puissant likaongezwa 1966. Mwaka 1967 na 1968 ikawa bingwa wa Afrika ikiwa imebeba jina la tairi kifuani. Lupopo ilikuwa ya watu wa reli. Huku kwetu kila kambi ya mgodi ilikuwa na timu yake, na kampuni ililipa mpira, viatu na lori la kubeba mashabiki. Fedha za shaba zilipokwisha, hayo yote yalikwisha. Mwaka 1986 kampuni hiyo, Gécamines, ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Kufikia 1994 haikufika hata 35,000. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka 1990. Viatu vikaisha, lori likasimama juu ya mawe. Timu hazikufa kwa hilo. Tulicheza kwa viatu vya kubadilishana: anayetoka anavua, anayeingia anavaa vikiwa vya moto.

Kilichoua ni 1993. Wanasiasa walikuwa wameshawaambia watu kwamba shida yao ina kabila, na kabila hilo ni Wakasai. Likasi ilianza kuwafukuza 1992, sisi tukafuata. Kipa wetu alikuwa mtu wa Kasai, amezaliwa hapahapa Musonoi, baba yake alizaliwa hapahapa. Beki wetu wa kati vilevile, na yule fundi wa kushona aliyekuwa akituwekea namba mgongoni. Siku moja wakawa kwenye kituo cha treni na familia zao na vitanda vyao, pamoja na maelfu ya wengine, wakisubiri mabehewa kwa wiki nyingi, watoto wanaharisha, watu wanazikwa karibu na reli. Nilimpelekea kipa unga na sombe iliyokaushwa. Hakuniuliza habari za mpira, na mimi sikuwa na la kumwambia. Treni ilipoondoka, Jumapili iliyofuata tulikwenda uwanjani kwa mazoea, tukatazamana, hakuna aliyetaka kuupiga ule mpira. Hatukufungwa na mtu. Hakukuwa na 3-1. Na timu ile ndiyo iliyokufa, mpaka vijana wengine walipoanzisha hii ya sasa miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo neno kufa usilitumie kwa sababu ya beki wa kushoto aliyechoka.

Jumatatu hii walikuja watu, na ndiyo habari niliyotaka kukupa tangu mwanzo. Wachezaji wote walikuja, hata kiungo, anachechemea. Wamama wa maandazi walikuja. Yule negosian alikuja, hana pesa, akakaa. Tukazungumza mpaka giza. Mshambuliaji alisema mbele ya wote, bila haya, kwamba usiku wa Jumamosi hawezi kuuacha bila kitu cha kuwapa wadogo zake Jumapili. Akanyamaza. Hakuna aliyemlaumu, maana nusu ya waliokuwepo walikuwa na udongo wa kariere, wa machimboni, kwenye kucha.

Tulikubaliana hivi. Kila mshabiki atatoa franga kidogo kila wiki, na pesa hiyo haitanunua jezi wala haitamlipa mtu wa kututafutia wachezaji wa nje. Itawalipa wale wanaochimba ile mifuko ambayo wangeitoa usiku wa Jumamosi, ili walale. Mwanamke mmoja anayeuza makala, yaani mkaa, pale sokoni ameteuliwa kuishika, kwa sababu yeye akikudai hata mchungaji wako atajua. Mazoezi yamesogezwa jioni, baada ya watu kupanda kutoka kariere. Kuna waliopinga, mmoja alisema tunawalipa watu kulala. Nikamjibu kwamba makampuni makubwa yanawalipa wazungu wao walale wiki nne kwao kila baada ya wiki nane, na hakuna anayeshangaa.

Kuna pia jambo lako wewe. Wawili kati ya vijana wetu wamepata kibarua kwenye kampuni moja ya hapa, na zamu yao inaangukia Jumapili mchana. Kocha amekwenda kuongea na msimamizi, ameambiwa alete ombi kwa maandishi, kwa Kifaransa, kwa mkuu wa wafanyakazi. Wewe unasoma sheria pale chuo kikuu, UNILU. Mwaka wa tatu sasa nalipa nusu ya kodi ya chumba chako ili ujifunze kuandika barua ambazo watu wa ofisi hawawezi kuzitupa. Andika hiyo. Usiweke matusi, usiweke neno haki mara nyingi, wanaliogopa. Omba tu zamu zao zibadilishwe na za wenzao waliokubali; majina ya hao wenzao kocha anayo. Iwe ukurasa mmoja.

Halafu rudi kwenye kundi. Msimamizi wa kundi ni dada yako, ameniambia atakurudisha ukimwomba vizuri, na hilo mtalimaliza wenyewe.

Mechi ya pili ni Jumapili ya wiki ijayo, tunacheza na watu wa Fungurume, na kwa miguu ile niliyoiona naweza kukuambia sasa hivi kwamba huenda tukafungwa tena. Ombi lile liwe limenifikia kabla ya Ijumaa, na mchango wako uutume moja kwa moja kwa mama wa makala. Mimi usinitumie, nitaunywa.

Nkambo wako,
wajina wako